Inasema Nini, Mayu?

Jumapili iliyopita nilisoma somo la kwanza kanisani. Baada ya ibada mama mmoja mgeni alinishika mkono akasema, "Dada, una sauti wewe! Ulisomea wapi?" Nikamjibu, "Hapa hapa." Sikumwambia zaidi. Njiani nilijiuliza kama jibu lile lilikuwa la kweli. Sauti ninayo, na kusoma nilisoma, lakini kwangu vitu hivyo viwili havikukaa nyumba moja. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Elimu yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo huenda mengine nimeyasahau au nimeyapanga vibaya. Anayeyakumbuka tofauti naye ana haki yake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Mitumba ilikuwa imejaa mnada wa Bariadi, na wanunuzi wa pamba binafsi walikuwa wameanza kuja na malori na mizani zao. Kabla ya hapo tulikijua chama cha ushirika tu. Sekondari nazo zilikuwa ruksa. Wazazi wa kata yetu, upande wa barabara ya kwenda Maswa, walichoma matofali, wakajenga madarasa, wakaomba walimu. Walimu walikuja wachache. Vitabu havikuja. Kitabu cha Kiingereza cha kusoma hadithi kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Kilikuwa kimeachia kurasa, na mwalimu alikishona mgongo kwa uzi wa gunia la pamba.

Huyu mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mrefu kutoka mkoa wa mbali. Alikuwa mpole, na vumbi la chaki lilikuwa limemharibu kifua. Aliamini kwamba lugha huingilia sikioni. "Mtoto hakujifunza Kisukuma kwa kuandika," alikuwa akisema. "Alisikia kwanza. Basi na nyie sikieni." Na kwa kitabu kimoja, angefanya nini kingine? Alisoma yeye ukurasa mmoja polepole, sisi tumefunga madaftari, kisha akamchagua mtu ausome tena kwa sauti, kisha darasa zima likaitikia sentensi kwa sentensi. Baada ya hapo yaliwajia maswali wale waliojikwaa.

Lazima niseme ukweli kwamba njia hiyo ilikuwa nzuri. Naisema leo nikiwa nimeona watoto wa watoto wangu wakinakili ubao mzima bila kusikia neno hata moja likitamkwa. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa dogo na lilijificha. Tena lilinijia mimi likiwa limevaa nguo za sifa.

Sisi wa huku tuna shida na herufi moja. Kisukuma cha nyumbani hakina r, kwa hiyo kila r ikipita mdomoni inatoka l. Mwenzangu wa dawati, msichana mfupi kutoka Ipililo aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, ndiye aliyekuwa taabani zaidi. Siku aliyopewa kitabu asome kuhusu watu waliovuka mto, badala ya riva alisema liva, na kwa Kiingereza hiyo ni ini. Mwalimu akauliza kwa upole kabisa, "Wamevuka ini la nani?"

Darasa likaangua kicheko. Wavulana wa nyuma wakadakia, "La mbuzi, mwalimu!" "Hapana, la ng'ombe, la mbuzi lingekuwa dogo, wangeruka!" Mwenzangu naye alicheka, lakini alipokaa aliinamisha kichwa juu ya dawati. Sidhani mwalimu alikusudia ubaya. Alicheka kidogo, kisha akamuuliza maswali matatu manne taratibu mpaka akahakikisha ameelewa mto ni nini na watu wale walivuka kwa nini.

Kisha akanipa mimi. Kwangu r ilitoka. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu tulikuwa na redio nyumbani, na mimi nilikuwa kasuku wa redio tangu utoto. Nilisoma ukurasa mzima bila kujikwaa, nikishusha sauti penye nukta na kuipandisha penye kuuliza, kama nilivyomsikia yeye. Mwalimu akafumba macho. "Hapo sasa!" alisema. "Mmesikia? Hapo sasa!"

Hakuniuliza swali. Kwa nini aniulize? Aliwauliza waliojikwaa.

Toka siku ile mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Kifua kikimbana mwalimu, na kilimbana mara nyingi, alinipa kitabu tangu mwanzo wa kipindi, yeye akakaa dirishani. Nilisimama mbele, darasa lote kimya, na ile sauti ikatoka ikapita juu ya vichwa vyao. Nitasemaje? Nilikuwa naipenda. Nilikuwa naisikiliza mwenyewe. Macho yalikuwa yanakimbilia neno la mbele ili sauti isikatike, na neno la nyuma lilikuwa limeshakwenda zake. Ukiniuliza baada ya ukurasa nimesoma nini, ningekwambia nimesoma vizuri.

Mwenzangu wa dawati wakati huo alikuwa amelaza shavu juu ya mbao, macho amefumba. Nilidhani analala.

Baba yangu hakusoma, lakini hakuwa mtu wa kudanganywa. Alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji, mtu wa maneno machache. Aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Siku moja alipita karibu na shule na mkokoteni wa ng'ombe, akasikia sauti yangu. Alisimamisha ng'ombe nje ya dirisha akasikiliza mpaka mwisho. Jioni ile kila aliyepita nyumbani aliambiwa.

"Mwadila!" mpita njia alisalimu, salamu yetu ya jioni.

"Mwadila. Karibu ukae. Huyu binti yangu anasoma, bwana. Anasoma!"

Neno la Kiswahili ni lile lile moja. Anasoma maana yake yuko shuleni, anasoma maana yake anatamka maandishi, anasoma maana yake anapata elimu. Baba aliyasema yote matatu kwa pamoja, nami niliyapokea yote matatu.

Msimu ule dawa ya pamba ilibadilika. Ile ya zamani, ya ushirika, tuliijua. Bwana shamba aliileta na tuliipuliza kama ilivyo, haikuguswa na maji. Sasa mnunuzi binafsi alileta chupa mpya, ndogo, yenye karatasi ya Kiingereza pande zote. Bwana shamba hakuonekana tena mara kwa mara. Wengine walisema anahudumia kata nyingi mno, na huenda ni kweli. Funza walikuwa wameshaanza kutoboa vitumba vya pamba. Baba akaja nyumbani na chupa, na nyuma yake baba mdogo na majirani wawili waliopewa chupa kama hiyo. Wakakaa kwenye vigoda uani.

"Tuna msomaji hapa," baba akasema. "Mayu, njoo."

Nilipokea chupa kwa mikono miwili. Maandishi yalikuwa madogo lakini hayakunishinda. Nilisimama kama nilivyozoea kusimama darasani, nikasoma. Nakumbuka neno moja lilikuja mara mbili, dailuti, na nililitamka vizuri sana, ulimi ukagusa meno. Nilipomaliza, jirani mmoja alitikisa kichwa. "Ala! Mzungu kabisa."

Baba alikuwa anatabasamu. Akaniuliza, "Inasema nini, mayu?"

Niliangalia chupa. Nilianza tena kusoma mstari wa kwanza, kwa sauti.

"Hiyo tumeisikia," baba akasema taratibu. "Inasema nini?"

Baba mdogo, ambaye alikuwa mtu wa utani, akasema, "Kaka, imesema blu-blu-blu. Hata fahali wangu husema hivyo akiona majani." Majirani wakacheka. Alikuwa anajaribu kuniokoa, nadhani. Mimi nilikuwa bado nimesimama na chupa mikononi.

Baba hakucheka. Alichukua chupa akaiweka chini ya kigoda chake. "Hicho ni Kiingereza kikubwa," aliwaambia. "Hajafika huko. Tusubiri kesho, tusije tukaunguza shamba." Kisha akaanza habari za mvua.

Kesho yake nilimwambia mwenzangu wa dawati lile neno. Sikumwambia lilikotoka, nilimtamkia tu. Hakusita. "Ni kuongeza maji. Kama togwa likiwa zito, unaongeza maji linalainika. Lilikuwemo kwenye ile hadithi ya mama muuza maziwa, si wewe uliyeisoma?"

Ni mimi niliyeisoma. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili mwalimu alifumba macho.

"Wewe ulijuaje?" nikamuuliza.

"Nilikusikia," akasema. "Halafu mwalimu akaniuliza. Mimi si huniuliza kila siku, na hii liva yangu."

Niliporudi nyumbani baba alikuwa ananisubiri. Pampu ilikuwa imeoshwa naye hakuwa ameondoka, ingawa jua lilikuwa limeshashuka. Nikamwambia, "Inachanganywa na maji."

Aliniangalia. "Umeelewa mwenyewe au umeambiwa?"

"Nimeambiwa, baba."

Akaitikia kwa kichwa. "Wabheja," akasema, asante. Akaenda kuwaita majirani. Pamba yetu haikuungua, na yao haikuungua. Kwa hiyo hakuna hasara ninayoweza kuionyesha mtu. Ila jioni ile, mgeni alipokuja, baba alimkaribisha, akauliza habari za ng'ombe, na hakusema kwamba binti yake anasoma.

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa mbele yetu. Asiyefaulu haendi cha tatu. Hilo tulilijua wote, na mimi sasa nilijua jambo jingine ambalo mwalimu hakulijua. Mwenzangu akanisukuma. "Mwambie. Mwambie na wewe akuulize maswali kama sisi wajinga." Alisema wajinga akicheka.

Nilikwenda ofisi ya walimu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Mwalimu alikuwa amezungukwa na karatasi za mkutano wa wazazi, anakohoa, na aliponiona uso ulifunguka. "Aa, nilikuwa nataka kukuita! Wazazi wanakuja, wanalalamika hawaoni matunda. Utawasomea. Ukisoma wewe, hakuna atakayelalamika."

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka mingi. Wakati mwingine najiambia kwamba hakunipa nafasi. Si haki. Nafasi ilikuwepo, ndogo, baada ya neno lake la mwisho alipokuwa akikohoa. Lakini pia najua kwamba mtoto wa kijijini, mbele ya mwalimu anayemfurahia, hana maneno mengine zaidi ya ndiyo mwalimu. Sijui nimpe nani uzito. Nimeacha mizani ikae katikati.

Mkutanoni nilisoma. Akina mama walipiga vigelegele ambavyo kawaida hupigwa harusini. Baba alikuwa kwenye benchi la mbele, na aliyekaa jirani yake akampiga bega: "Hongera, mzee, una mtu!" Baba alipiga makofi pamoja na wengine. Hakupiga kidogo wala hakupiga sana. Nilimtazama mpaka makofi yakaisha, nikitafuta usoni mwake alichokuwa anafikiri, na sikukiona.

Kisha mtihani. Chumba kile kile, lakini madawati yametengwa mbalimbali, na msimamizi mgeni kutoka mjini. Karatasi ya Kiingereza ilianza na habari ndefu, na chini yake maswali. Nilianza kusoma. Maneno yalikuwa pale, niliyafahamu kwa sura, lakini yalikaa kimya kama watu waliokasirika. Nikasogeza midomo. Nikanong'ona kidogo, na neno moja likaanza kuamka.

"Binti," msimamizi akasema, "funga mdomo."

Nilifunga. Muda kidogo tu nikajikuta nanong'ona tena, bila kujua. Akaja akasimama karibu. "Nimesema mdomo. Unataka kumsomea nani hapa?" Hakuwa mkali, alifanya kazi yake. Wavulana walicheka puani. Nikabana midomo kwa vidole na kuanza upya kutoka juu, na sikuweza kuingia. Ilikuwa kama kusimama mlangoni kwa mtu, hodi huruhusiwi kupiga, na mlango hausukumiki. Nilijibu kwa kunakili mistari ya habari yenyewe mahali palipofanana na swali. Nilinakili kwa mwandiko mzuri.

Matokeo yalipokuja, mwenzangu wa dawati alikuwa amefaulu vizuri na mimi nilikuwa nimeanguka. Nisije nikasema alifaulu kwa sababu ya kusikiliza tu. Alikuwa na akili, na shangazi yake alimwachia taa. Lakini na kusikiliza kulikuwemo.

Mwalimu alikuja nyumbani kwa baiskeli. Hakuja kwa wengine walioanguka, au kama alikwenda sikusikia. Baba alimpa kigoda, mama akaleta maji. Mwalimu alikaa na kofia mikononi, akaongea na baba lakini kwa ajili yangu.

"Mzee, huyu mtoto nilimsikia vizuri mno mpaka nikasahau kumuuliza. Kila siku nilimsikia. Sikumuuliza hata siku moja." Akakohoa. "Anaruhusiwa kurudia mwaka. Nimpate mwaka mmoja tu. Hatasoma kwa sauti. Nitamsomea mimi, yeye akae asikilize, kisha nimuulize. Kwanza asikie, kisha aelewe, kisha sauti itarudi yenyewe."

Baba alinigeukia. "Umesikia. Mimi sisemi kitu, jembe lipo na shule ipo. Utarudi, mayu?"

Nilijiona nimekaa na watoto wa nyuma yangu, bila kitabu, nikisikiliza mtu mwingine akisimama mbele. Hilo ndilo nililoliona. Sikuona kidato cha tatu, sikuona kazi, wala sikumwona mtu mgonjwa aliyepanda baiskeli juani kwa ajili yangu. Nikasema, "Hapana, baba."

Mwalimu aliangalia kofia yake. Baba akasema, "Basi, mwalimu. Umefanya vyema kuja." Akamsindikiza mpaka barabarani akiwa amemshikia baiskeli, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu. Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa, na baadaye tulisikia amefariki. Kifua.

Niliolewa, nikazaa, nikalima pamba na mpunga. Sina maisha mabaya. Mwenzangu wa dawati akawa mwalimu, na miaka ya karibuni nilikutana naye stendi ya Bariadi, mnene, miwani shingoni, na r yake bado inatoka l. Alinikumbatia mbele ya watu. "Huyu ndiye aliyenifundisha Kiingereza!" akawaambia wanafunzi wake waliokuwa naye. Nikasema aache utani. "Si utani. Hadi leo nikisoma kitabu kimoyomoyo, naisikia sauti yako. Nikiwasomea hawa darasani, nakuiga wewe." Wanafunzi wake walinitazama kwa heshima. Sikujua nifurahi au nilie, nikamnunulia karanga.

Lakini si yeye ninayemfikiria nikisimama kanisani. Namfikiria baba. Aliishi hadi uzee, na katika miaka yote ile hakuniletea tena karatasi. Barua za wito wa mikutano, risiti za pamba, kadi za chanjo za ndama, vyote alivipeleka kwa wengine. Alifanya kwa ujanja ili nisione, akisema alikuwa anapita huko hata hivyo. Wakati huo nilikuwa nimeshajifundisha. Nilikuwa nasoma Biblia usiku, kwanza kimya, nikijiuliza inasema nini, na sikupanda mimbarini kabla sijajijibu. Na maneno ya Kiingereza ya vifungashio nilikuwa nimeyaokota moja moja kwa watoto wangu. Nilisubiri aniulize. Ningeweza kumwambia kwamba sasa naelewa. Sikumwambia, niliona aibu kujisifu, naye nadhani aliona huruma kuniuliza.

Mwisho wake alikuwa kitandani, nami nilikuwa namuuguza. Hospitali walimpa pakiti ya dawa yenye karatasi ya Kiingereza ndani. Aliitoa mwenyewe, akaikunjua. Nikanyoosha mkono.

"Nipe nisome, baba."

Alinitazama kwa upendo mwingi. Akaikunja tena karatasi polepole, akaiweka chini ya mto.

"Pumzika, mayu," akasema. "Umeshughulika tangu asubuhi. Atakuja mtu aisome."